Utupu wa Ramani Nao Hudai Ushahidi

Kaskazini magharibi mwa jimbo la Nebraska, nchini Marekani, kuna vilima vya mchanga vilivyofunikwa na nyasi katika eneo la takriban kilomita za mraba 50,000, eneo linalojulikana kwa jina la Sandhills. Ni nchi ya ng'ombe. Kaunti ya Cherry, kubwa kuliko zote katika jimbo hilo, ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, lakini sensa ya mwaka 2020 ilikuta humo watu 5,455 tu; Kaunti ya McPherson, upande wa kusini, haikufikisha watu 400. Mtu akifungua karatasi moja ya ramani ya topografia ya huko, ile ya skeli ya 1:24,000, ataona mistari ya kahawia ya kontua ikizungukana kutoka ukingo hadi ukingo, madoa machache ya buluu, njia moja au mbili zisizo na lami, mraba mdogo mweusi wa nyumba, na hapa na pale alama ya kinu cha upepo. Wengi wangeikunja karatasi hiyo wakiamini kwamba wametazama mahali pasipo na kitu. Naamini imani hiyo imetokana na mazoea yetu ya kupima umuhimu wa mahali kwa wingi wa watu wake, na kwamba mazoea hayo yakiingia katika kazi ya upimaji huzaa ramani mbaya na, baada ya ramani, sheria mbaya. Penye watu wachache ndipo panapohitaji upimaji wa makini zaidi. Huko kila alama hubeba uzito mkubwa, na kosa likishachorwa hukaa miaka mingi kabla ya kutokea mtu wa kulikanusha.

Makosa ya namna hiyo yana historia ndefu katika nyanda hizo. Mwaka 1820 Meja Stephen Long wa jeshi la Marekani aliongoza msafara uliopita mashariki ya Milima ya Rocky, na ramani iliyotokana na safari yake ikaitaja sehemu kubwa ya nchi hiyo kuwa jangwa kuu. Mwaka 1855, na tena 1857, Luteni Gouverneur Warren, mhandisi wa ramani wa jeshi, alizikatiza Sandhills zenyewe, na taarifa zake hazikumpa mkulima matumaini yoyote. Wote wawili walikuwa watu makini waliotumia vyombo bora vya wakati wao. Kasoro yao ni kwamba walipima njia waliyoipita kisha wakaisemea nchi nzima, na mizani yao ya thamani ilikuwa jembe: ardhi isiyolimika ilihesabiwa kuwa haina faida. Nchi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na wenyewe. Walakota, Wapawnee na Waponca waliwinda humo wakijua mabonde yake na chemichemi zake, na walipokwisha kuondolewa kwa mikataba na kwa mabavu, hadi kufikia mwisho wa miaka ya 1870, ndipo nchi ilipoanza kufanana na utupu ambao ramani ilikuwa imekwisha kuutangaza. Wafugaji wazungu nao waliogopa kuingia vilimani. Mwaka 1879 dhoruba ya theluji iliwasukuma humo ng'ombe wengi wa ranchi ya E. S. Newman, iliyokuwa kando ya Mto Niobrara. Wachunga ng'ombe walipowafuata walikuta wanyama wamenona, wakiwemo wengine waliopotea misimu ya nyuma na kujiishia huko bila mchungaji. Nusu karne na zaidi ya maandishi ya wapimaji ikakanushwa na afya ya mifugo. Kilichokosekana katika maandishi hayo ni maji yaliyo karibu na uso wa ardhi katika mabonde ya katikati ya vilima, na nyasi zinazoota juu ya mchanga unaoyanyonya maji ya mvua kabla hayajapotea. Vyote viwili vilikuwepo siku zote, na vyote viwili havionekani na mtu anayepita haraka akitafuta mashamba.

Kabla ya kontua kufika Sandhills, ilifika gridi. Kwa Amri ya Ardhi ya mwaka 1785, serikali ya Marekani iliazimia kuigawa ardhi ya umma katika miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba katika vipande 36 vyenye ekari 640 kila kimoja. Wapimaji waliivuta mistari hiyo kwa mnyororo wa futi 66, kutoka Ohio kwenda magharibi, wakivuka mito na vilima bila kupinda. Gridi hiyo ilikuwa na sifa zake: iliharakisha ugawaji, ilimpa mtu wa kawaida anuani ya shamba lake isiyobishaniwa, na iliweza kusomwa na karani aliye maelfu ya kilomita mbali. Lakini ilibeba pia madai mazito ambayo hakuna aliyeyajadili, kwamba ekari moja ni sawa na ekari nyingine popote ilipo. Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 ilipomwahidi mlowezi ekari 160, ilimwahidi kiasi hicho hicho kwenye udongo mweusi wa mashariki ya Nebraska na kwenye mchanga wa magharibi yake. Tofauti ya nchi hizo mbili bado inasomeka kwenye karatasi. Mashariki ya jimbo, barabara zimefuata mistari ya gridi, karibu kila maili moja, na mashamba yamekaa ndani yake. Katika Sandhills gridi imebaki kuwa wino mwekundu tu: mstari unapanda kilima na kushuka upande wa pili mara nyingi bila barabara kuufuata, huku njia chache zilizopo zikijipinda kufuata mabonde. Sheria ilichora nchi moja, watu na ng'ombe wakaishi katika nyingine.

Mwanajiolojia John Wesley Powell aliliona jambo hilo mapema kuliko wengi. Katika ripoti yake ya mwaka 1878 kuhusu ardhi kame za Marekani, alieleza kwamba magharibi ya longitudo ya nyuzi 100, mstari unaopita upande wa mashariki wa Sandhills, mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki inchi 20, na kilimo cha kutegemea mvua pekee hakiaminiki. Alipendekeza kwamba shamba la mfugaji liwe na ekari zisizopungua 2,560, mara kumi na sita ya zile za sheria ya 1862. Kwamba mipaka ifuate maji na umbo la ardhi ili kila mfugaji apate sehemu ya kunyweshea. Na kwamba nyumba zijengwe kwa makundi ili watu wapate shule na ujirani. Mapendekezo hayo yote yalidai kwanza ramani ya topografia. Huwezi kugawa nchi kwa mabonde yake iwapo hujui mabonde yako wapi. Powell alipokuwa mkurugenzi wa Shirika la Jiolojia la Marekani, lililoundwa mwaka 1879, aliliomba Bunge fedha za kuipima nchi nzima, na kazi hiyo ikaanza rasmi mwaka 1884. Mwaka 1888 akakabidhiwa pia upimaji wa maji ya umwagiliaji katika nchi kame. Lakini upimaji ulikwenda polepole, na wakati unaendelea ugawaji wa ardhi ulizuiwa, jambo lililowaudhi wanasiasa wa magharibi, hasa Seneta William Stewart wa Nevada. Mwaka 1890 fedha zikakatwa. Bunge lilichagua kugawa kwanza na kupima baadaye.

Matokeo ya uamuzi huo yalionekana Sandhills waziwazi. Mwaka 1904 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinkaid, iliyoruhusu mlowezi wa magharibi ya Nebraska kuchukua ekari 640, yaani kipande kizima cha gridi. Kwa jicho la mtu wa mashariki hilo lilikuwa shamba kubwa mno. Kwa hesabu ya Powell ilikuwa robo tu ya kinachohitajika. Maelfu ya familia zilihamia, zikajenga nyumba za matofali ya udongo na majani, zikalima mahali ambapo hapakupaswa kuvunjwa kwa jembe, na nyingi zikauza na kuondoka, ardhi yao ikaunganishwa katika ranchi kubwa. Sisemi kwamba ramani nzuri ingewaokoa wote. Ukame, bei za soko na tamaa ya madalali wa ardhi vilikuwa na sehemu yao. Ninachosema ni kwamba serikali iliwaalika watu katika nchi ambayo ilikuwa imekwisha kuichora kwa mistari iliyonyooka lakini ilikuwa haijaielewa, na kwamba mtu aliyekuwa na gridi pekee mkononi hakuwa na njia ya kujua kama kipande chake kina bonde lenye maji au ni mgongo mtupu wa kilima. Vipande viwili vilivyopakana, vyenye namba zinazofuatana na ukubwa ule ule, vingeweza kutofautiana kama riziki na njaa.

Kwa hiyo thamani ya ramani ya topografia katika nchi kama hiyo haipo katika urembo wa kontua zake. Ipo katika kuweka umbo la ardhi, maji, mipaka na kazi ya watu kwenye karatasi moja, ili madai ya sheria yapimwe kwa hali halisi. Wapimaji wa mwanzo walifanya kazi hiyo kwa ubao wa kupimia uliosimamishwa juu ya miguu mitatu, wakichora papo hapo kile walichokiona. Karatasi nyingi za nyanda hizo wakati huo zilikuwa za skeli ya 1:125,000. Baada ya Vita Kuu ya Pili, picha za angani zilizotazamwa mbili mbili ziliwawezesha wachoraji kufuata kontua wakiwa ofisini, na skeli ya 1:24,000 ikawa kipimo cha kawaida cha nchi nzima, nje ya Alaska. Hata hivyo kazi haikuishia ofisini. Mhakiki alipelekwa uwandani na rasimu mkononi. Yeye ndiye aliyethibitisha kwamba mstari mwembamba kwenye picha ni njia ya gari wala si mapito ya ng'ombe, kwamba doa jeusi ni nyumba inayokaliwa au ghala lililoachwa, kwamba kinu kile bado kinapandisha maji. Yeye ndiye aliyewauliza wenyeji majina ya mabonde na maziwa, akalinganisha majibu ya jirani na jirani. Pembeni ya karatasi paliandikwa mwaka wa picha za angani na mwaka wa uhakiki wa uwandani, ili msomaji ajue ushahidi una umri gani.

Hapa pana jambo ambalo naliona kuwa kiini cha suala zima. Viwango vya Marekani vya usahihi wa ramani, katika toleo la mwaka 1947, vilitaka asilimia 90 ya nukta zilizopimwa upya ziwe ndani ya sehemu moja ya hamsini ya inchi kwenye ramani ya skeli ya 1:24,000, yaani kama mita 12 ardhini, na asilimia 90 ya miinuko iwe ndani ya nusu ya tofauti ya mwinuko kati ya kontua na kontua. Ni viwango vya kuheshimika, na vimeifanya ramani kuwa kitu kinachoweza kuhojiwa. Lakini vinahoji kilichochorwa. Nukta inayopimwa ni lazima kwanza iwe kwenye karatasi. Kisima ambacho hakikuchorwa hakina kosa la mita 12 wala la mita 1,000; hakiingii kwenye hesabu kabisa. Karatasi yenye alama tano tu, zote zikiwa mahali pake, itafaulu mtihani hata kama imeacha nyingine 30. Katika mji hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu watu wengi wanaitumia ramani na upungufu hugunduliwa upesi. Katika nchi ya ranchi, ambako karatasi nzima huenda ikawa na familia mbili, kilichoachwa huweza kubaki kimeachwa kizazi kizima. Ndiyo maana nasema kwamba utupu kwenye ramani ni dai kama madai mengine, na dai hilo ndilo ambalo taratibu zetu za upimaji hazikuwahi kulitaka lilete shahidi.

Chukua kinu cha upepo, alama ambayo mgeni huiona kama pambo. Katika Sandhills maji ya ardhini yako karibu, na kinu kimoja chenye birika lake huamua ng'ombe watalisha umbali gani, kwa kuwa hawawezi kwenda mbali na maji kila siku. Vinu vikipangwa vizuri, malisho huliwa kwa usawa. Vikiwa vichache, nyasi za karibu na birika hukanyagwa hadi mchanga ukabaki wazi, na upepo ukiupata mchanga huo huuchimba shimo linalopanuka mwaka hadi mwaka. Vilima hivyo vimetulia kwa sababu ya nyasi tu. Watafiti wa udongo wameonyesha kwamba sehemu zake zilikuwa zikihama wakati wa ukame mkali wa miaka kati ya 800 na 1,000 hivi iliyopita. Hivyo kontua yenyewe, ile inayodhaniwa kuwa sehemu ya kudumu ya ramani, inashikiliwa na majani, na majani yanashikiliwa na mpangilio wa maji ambao alama ndogo za vinu ndizo zinazouonyesha. Ukiondoa alama hizo umeondoa maelezo ya kwa nini kilima bado kipo pale kilipo. Zaidi ya hapo, kinu ni alama ya kuongozea mtu katika nchi ambayo vilima vyake vinafanana, na birika ni mahali pa kujazia maji kwa wazimamoto, ambao katika kaunti hizo wengi wao ni wafugaji wanaojitolea, moto wa nyika unapokimbia na upepo.

Kwa mwelekeo wa sasa, alama za aina hiyo ndizo za kwanza kutoweka. Maeneo yenye watu wachache yalikuwa miongoni mwa ya mwisho kufikiwa na ramani za 1:24,000, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Jiolojia lilianza kutoa matoleo ya muda, yasiyokamilishwa kwa ustadi wa kawaida, ili kumaliza kazi iliyobaki. Karatasi zaidi ya 50,000 zilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi ya kujivunia kwa taifa lolote. Tangu mwaka 2009 zimerithiwa na mfululizo mpya unaotengenezwa kwa kompyuta kutoka hazina za data za kitaifa. Ni ramani zinazotolewa upya kwa haraka na zinapatikana bure kwa kila mtu, faida ambazo hazipaswi kubezwa. Lakini zinachora kile ambacho tayari kimo katika hazina, na mhakiki wa uwandani hayumo tena katika utaratibu wake. Vitu vingi vilivyopatikana kwa macho na miguu yake, kama aina nyingi za majengo, nyaya za umeme, mabomba na alama za upimaji, viliachwa. Msomaji asiyejua historia hii ataweka karatasi ya zamani kando ya mpya, aone kwamba mpya ina vitu vichache, na kuhitimisha kwamba nchi imezidi kuwa tupu.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba uhakiki wa uwandani umepitwa na wakati. Leo ndege yenye leza hupima mwinuko wa ardhi kwa kosa la sentimita 10 hivi, na mradi wa kitaifa wa Marekani wa kupima miinuko kwa njia hiyo unalenga kufunika nchi nzima, nje ya Alaska. Satelaiti nazo hupiga picha ambazo birika la kunyweshea huonekana ndani yake. Nakubali kila neno, na naongeza kwamba kwa umbo la ardhi peke yake hakuna mpimaji wa zamani aliyefikia ubora huo. Lakini swali letu halihusu umbo peke yake. Leza inajua kimo cha kilima, haijui jina lake. Picha inaonyesha birika, haielezi kama kisima chake kina maji wakati wa ukame. Inaonyesha bonde lenye nyasi ndefu zisizoliwa, haielezi kama zimesahauliwa au zimepumzishwa makusudi kwa ajili ya majira ya baridi. Kadiri picha inavyokuwa kali, ndivyo mtazamaji anavyozidi kuamini kwamba ameona yote, na imani hiyo ndiyo iliyowaponza Long na Warren. Chombo bora kimepunguza kazi ya mhakiki, na kwa sababu hiyo kimepunguza gharama yake; hakijaiondoa haja ya kuuliza.

Pingamizi la pili ni la mhasibu: kwa nini fedha za umma zitumike kuhakiki kaunti yenye watu 400 wakati miji inakua kila siku? Hesabu hiyo inagawanya gharama kwa vichwa vya wakazi, kana kwamba wakazi ndio pekee wanaoitegemea ardhi hiyo. Chini ya Sandhills kuna hifadhi ya maji ya Ogallala, inayoenea chini ya majimbo manane, na mchanga wa vilima hivyo ni mojawapo ya mahali ambapo maji ya mvua huingia humo kwa urahisi zaidi. Umuhimu huo ulidhihirika katika mabishano ya bomba la mafuta la Keystone XL, ambalo njia yake ya awali ilipita katika Sandhills. Wafugaji na watu wengine wa Nebraska walipinga, na Novemba 2011, baada ya serikali ya Rais Obama kuahirisha uamuzi, kampuni husika ilikubali kuihamisha njia hiyo nje ya eneo hilo. Swali likawa: Sandhills zinaishia wapi? Mpaka uliotokana na ramani ukageuka kuwa jambo la siasa, huku wapinzani wakisema kwamba njia mpya nayo ingekatiza udongo wa mchanga wenye maji ya karibu. Siku ya namna hiyo inapofika, ramani ya nchi yenye watu wachache hutumiwa na mamilioni, na hakuna tena muda wa kwenda kuhakiki.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wenyeji wenyewe. Mfugaji anajua visima vyake. Ramani humnufaisha mgeni, na mgeni huja na kodi, na mipaka, na nia ya kuchukua. Wenyeji wa asili wa nyanda hizo wana kila sababu ya kusema hivyo, na hata wafugaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ofisi ya upimaji ya serikali ya Uingereza ilianza kuzipima Tanganyika na Kenya kwa picha za angani, na ramani za 1:50,000 zilizotokana na kazi hiyo bado ni msingi wa kazi nyingi. Kwenye karatasi hizo kontua na mito vimechorwa kwa uangalifu, ila malisho ya msimu hayana alama. Alalili ya Wamaasai na ngitili ya Wasukuma ni maeneo yaliyohifadhiwa kwa utaratibu na makubaliano ya jamii ili nyasi zisubiri kiangazi. Ukiyatazama kutoka angani wakati wa masika utaona ardhi ambayo hakuna anayeitumia. Na nchini Tanzania utupu huo una uzito wa kisheria, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeifafanua ardhi ya jumla kuwa inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Malisho yaliyopumzishwa yakisomwa kuwa hayatumiki, mfugaji anaadhibiwa kwa ajili ya utunzaji wake.

Lakini mfano huo huo unaonyesha kwamba kujificha kwenye ramani si kinga. Walakota hawakulindwa na karatasi iliyowaacha nje. Karatasi hiyo ilirahisisha kuondolewa kwao. Kinyume chake, mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya, walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao, na hati kama hiyo haitolewi bila mipaka iliyopimwa. Walilindwa kwa kuonekana, kwa sharti kwamba matumizi yao yaonekane jinsi wanavyoyajua wenyewe. Hofu ya mwenyeji, basi, hainifanyi niache kutetea uhakiki. Inanifundisha nani awe mhakiki, na kwamba mwenyeji awe na haki ya kusema kisima kipi kionyeshwe na mahali gani pa ibada au pa maziko pasionyeshwe. Mhakiki wa zamani alimuuliza mfugaji kisha akaondoka na majibu. Wa sasa anaweza kumwachia rasimu, akarudi, na kusahihishwa mbele ya majirani.

Kutokana na haya yote napata madai mawili ya vitendo. La kwanza ni kwamba kila ramani rasmi ya nchi ya malisho, iwe ya Kaunti ya Cherry au ya Wilaya ya Simanjiro nchini Tanzania, irudishe ule mstari wa pembeni unaotaja mwaka wa uhakiki wa uwandani, na pale ambapo uhakiki haukufanyika iseme hivyo kwa maandishi yasiyojificha. La pili ni kwamba hakuna ofisi, kampuni wala mahakama iruhusiwe kuitumia nafasi tupu ya ramani isiyohakikiwa kuwa uthibitisho kwamba ardhi haitumiki. Anayedai utupu ndiye aende akauthibitishe, kwa kufika na kwa kuuliza wanaoishi hapo. Madai haya hayahitaji teknolojia mpya, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya familia zilizopelekwa kwenye vipande vya Kinkaid, au ya kijiji kinachopoteza malisho yake kwa sababu kiliyatunza vizuri. Yanahitaji wapimaji, wabunge na mahakimu wakubali kwamba watu wachache katika nchi pana hawapunguzi wajibu wetu wa kuijua nchi hiyo, kwa maana uchache wao unatunyima mashahidi ambao mahali pengine wangeturekebisha bila kuombwa.